Cheti cha Kutishwa

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani uliyonayo nyumbani, na usiwalaumu wachora ramani. Waliomba kibali cha kuichora, wakaambiwa wasubiri. Mimi nimezaliwa humo, nimefanya kazi humo miaka ishirini na minane nikiwa karani wa masjala katika Chuo Kikuu chetu cha pekee, na sina malalamiko yoyote. Nalisema hilo mapema ili yule anayesoma kwa niaba ya wakubwa asipate taabu ya kulitafuta.

Tuna ziwa. Siku lilipopewa jina la Mheshimiwa Kiongozi lilipimwa, likakutwa na kina cha mita thelathini na moja. Bunge likapitisha sheria jioni ileile kwamba hicho ndicho kina chake, na kwamba hakitapungua wala kuongezeka bila idhini. Miaka kumi na miwili ikapita, mvua zikawa haba. Mahali palipokuwa na gati pakaota mihogo, na wakulima wa mihogo hiyo wakatakiwa kuvaa maboya wanapopalilia, kwa kuwa kisheria walikuwa majini. Hakuna aliyelalamika. Maboya yenyewe yalikuwa mapya.

Dokta Siwatu Kilango alikuwa mhadhiri wetu wa elimu ya maji. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, asiye na haraka. Ukimuuliza swali alikuwa anakaa kimya kwanza, mpaka wewe mwenyewe unaanza kujijibu. Yeye na mwenzake wa idara ya ramani, Dokta Mwinyikombo, walikodi mashua, wakachukua kamba yenye jiwe, wakapima ziwa sehemu arobaini. Penye kina kirefu kuliko kote walikuta mita kumi na tisa. Wakaandika makala, ikatoka katika jarida ambalo, kwa kumbukumbu za masjala, lilisomwa na watu kumi na wanne. Wa kumi na nne alikuwa ofisa wa usalama.

Wiki iliyofuata Dokta Siwatu aliitwa kituoni akaelezwa kwamba anatuhumiwa kulipunguza ziwa la taifa.

"Sikulipunguza," akasema. "Nililipima."

"Kabla hujalipima lilikuwa na mita ngapi?" mpelelezi akauliza.

"Kisheria, thelathini na moja."

"Na ulipomaliza kulipima?"

"Kumi na tisa."

Mpelelezi akaandika majibu hayo kwa mwandiko mzuri, akampa asaini kwamba amekiri.

*

Hawakumfunga. Nchi yetu haifungi wasomi; hilo limeandikwa kwenye bango kubwa pale njia ya uwanja wa ndege. Walimrudisha nyumbani kwake, na gari jeupe likaanza kuegeshwa mbele ya mlango wake tangu asubuhi hadi alasiri. Ofisini kwake kitasa kikabadilishwa. Wanafunzi wake wakaambiwa wafute namba kumi na tisa kwenye madaftari, hata pale ambapo ilikuwa ni namba ya ukurasa tu.

Simu nazo zikaanza. Dokta alikuwa akiishi na mama yake, Bi Kidawa, na wakati wa chakula cha mchana simu ya mezani ikilia mama ndiye anayepokea.

"Tunajua mama yako anakaa wapi," sauti ya kiume ilisema siku ya kwanza.

"Mama mwenyewe ndiye mimi," Bi Kidawa akajibu. "Na wewe ni mtoto wa nani, unapigia nyumba za watu bila salamu?"

Yule mtu akaomba radhi, akaamkia, kisha akaendelea kutisha. Bi Kidawa alinisimulia hayo mwenyewe nilipopita kuwajulia hali. Alisimulia akicheka, lakini chai aliyokuwa akinimiminia ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika kwenye mkeka, naye haoni.

Siku ya Jumanne iliyofuata, saa saba mchana, watu watatu waliingia bwalo la wahadhiri, wakamkuta Dokta Mwinyikombo na sahani ya wali na maharage, wakamwomba awafuate. Aliuliza kama anaweza kumaliza kula. Wakamwambia atakuta chakula huko. Tulikuwa watu thelathini bwaloni. Sote tuligundua kwa wakati mmoja kwamba maharage ya siku hiyo yanahitaji kutazamwa kwa makini.

Kesho yake masjala iliagizwa kuandika kwenye jalada lake: likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Nikaandika. Mwandiko wangu husifiwa.

*

Dokta Siwatu alikuja masjala siku hiyohiyo, akafunga mlango, akaniwekea karatasi mezani.

"Mzee Mahundi," akasema, "kuna shirika katika nchi moja ya baridi. Linawapa nafasi wanazuoni walio hatarini. Unakwenda, unapewa chuo cha kufundisha, chumba, mwaka mmoja au miwili, mpaka kwenu kutulie. Nataka kuomba. Nataka kwenda na mama."

"Hilo ni jambo zuri sana, Dokta."

"Ni jambo la kukimbia," akasema. "Lakini kamba niliishika upande mmoja, na aliyeshika upande wa pili hayupo."

Nikamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba ni mwajiriwa wetu. Hiyo iko ndani ya uwezo wangu. Akapeleka maombi, na baada ya siku nne akajibiwa na mama mmoja mwema aitwaye Bi Hedwig, aliyekuwa anashughulikia majalada ya nchi zetu. Bi Hedwig aliandika kwamba amesoma habari zake akalia. Aliandika pia kwamba kamati inaomba mambo mawili: ruhusa ya mwajiri, na ushahidi wa maandishi kwamba ametishwa, wenye tarehe, jina la aliyetisha na, ikiwezekana, mhuri.

"Wananitisha kwa mdomo," Dokta akamjibu.

"Mimi nakuamini kabisa," Bi Hedwig akaandika. "Ila kamati haina masikio. Ina macho tu."

Tukaanza na ruhusa. Makamu Mkuu wa Chuo alitupokea vizuri, akatuagizia soda, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dokta," akasema, "nakuhurumia kama binti yangu. Lakini ruhusa ya kukimbia hupewa mtu aliyefukuzwa. Wewe hatujakufukuza."

"Basi nifukuzeni."

"Kufukuzwa kunaanza na barua ya onyo. Onyo linaanza na kosa la kikazi. Na wewe, kikazi, huna kosa hata moja. Mtu wa rekodi safi kama yako nitamfukuzaje? Nitaulizwa." Akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Endelea hivihivi."

*

Kuhusu ushahidi wa kutishwa tulibahatika zaidi. Serikali ilikuwa imepata habari kwamba wageni wanahitaji karatasi za namna hiyo, na kwa kuwa ni Serikali sikivu, ilikuwa imefungua ofisi mpya Wizara ya Utulivu, ghorofa ya pili, mlango wenye maandishi ya dhahabu: Idara ya Vyeti vya Kutishwa. Nilimsindikiza Dokta, kwa kuwa fomu ilitaka mwakilishi wa mwajiri awepo wakati wa kutishwa.

Ofisa wa zamu aliitwa Afande Lukwaro. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kazi nyingi.

"Mmetishwa lini?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tatu," Dokta akasema. "Simu kila siku. Gari mlangoni. Mwenzangu amechukuliwa."

Afande akafungua daftari, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini. "Hapa hakuna. Hayo yatakuwa yamefanywa nje ya utaratibu. Siwezi kuvitambua vitisho ambavyo sikuviidhinisha, mama. Itabidi utishwe upya."

"Upya?"

"Picha mbili za pasipoti umekuja nazo?"

Alikuwa nazo. Afande akazibandika kwenye fomu, akasafisha koo lake, akasimama, akavaa kofia. Akasoma kwa sauti ya habari za saa mbili: "Wewe, jina lako, wa sehemu fulani, unaarifiwa kwamba usipoacha, taja shughuli, utapatwa na, chagua moja." Akainua macho. "Ungependa upatwe na nini? Kuna ajali, kuna maradhi ya ghafla, kuna kutojulikana ulipo."

Dokta akakaa kimya, kama kawaida yake. Afande akasubiri. Mimi nikasubiri. Nje mtu alikuwa anagonga mihuri, pwa, pwa, pwa.

"Andika kutojulikana nilipo," akasema hatimaye. "Ndicho ninachokiogopa."

"Hicho ni cha Daraja la Tatu," Afande akasema kwa huruma. "Daraja la Kwanza linahitaji majeraha. Una majeraha?"

"Sina."

"Basi la tatu." Akaandika. Kisha akaeleza kwamba cheti hakitatumika bila mhuri mkubwa, na mhuri mkubwa huwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi amesafiri. Alikuwa nchi za nje akiwasilisha mada katika mkutano wa uhuru wa wanazuoni. Angerudi baada ya wiki tatu.

Tulipokuwa tunashuka ngazi Dokta aliniomba tusimame kidogo. Akaegemea ukuta.

"Mzee Mahundi, unajua," akasema, "yule ni mtu wa kwanza kunitisha akiniangalia usoni. Na bado nilimwambia ahsante."

Nikamwambia ngazi zina utelezi.

*

Wiki tatu zikawa saba. Katika wiki hizo tulikwenda idarani mara kumi na moja, na kila tulipokwenda foleni ilikuwa imerefuka. Lakini haikuwa foleni ya watu wenye hofu. Walikuwa watu wa suti na manukato, wenye madereva. Mbele yetu mara nyingi alikaa Bwana Sangoda, shemeji yake Waziri wa Utulivu, mtu mnene, mchangamfu, aliyekuwa na kiwanda cha magodoro. Alitueleza kila kitu bila kuficha.

"Mke wangu anataka kuishi huko kidogo," akasema. "Anasema hewa yake ni nzuri kwa ngozi. Sasa shemeji akaniambia nafasi ya wanazuoni ipo, ni ya bure. Jumatano Baraza la Chuo limenipa uprofesa. Leo nimekuja kutishwa."

"Uprofesa wa nini?" Dokta akamuuliza.

Bwana Sangoda akatoa karatasi mfukoni, akasoma. "Wa maji," akasema.

Alitishwa Daraja la Kwanza. Majeraha yake yalichorwa kwa rangi na fundi wa jumba la maonyesho la taifa, akapigwa picha za rangi kwa pande nne, na Afande Lukwaro, aliyepewa kazi ya kumsomea kitisho, alisimama wima akiomba radhi kila baada ya mstari, maana alikuwa anamtisha shemeji wa Waziri na hakujua kama hilo lingemponza baadaye. Mhuri mkubwa, uliokuwa bado safarini pamoja na Mkurugenzi, ulirudi kwa ndege kesho yake asubuhi, peke yake. Siku hiyo na cheti cha Dokta kikagongwa, akakituma.

Na makala aliyoambatanisha Profesa Sangoda kwenye maombi yake ilikuwa ni ile ya Dokta Siwatu na Dokta Mwinyikombo. Alibadilisha majina ya waandishi. Namba aliiacha palepale, kumi na tisa, kwa sababu hakuisoma.

Nilijua hayo kwa kuwa nakala ya kila barua inayotoka Chuoni hupita masjala. Niliishika nakala ile muda mrefu. Ningeweza kumwandikia Bi Hedwig. Anwani yake nilikuwa nayo, kalamu nilikuwa nayo. Nina watoto wanne, na nyumba ninayoishi ni ya Chuo. Nikaiweka nakala kwenye jalada la Profesa Sangoda, nikalifunga kwa uzi, kama ipasavyo.

Bi Hedwig alimpigia Dokta simu mwenyewe, saa nne asubuhi, nami nilikuwepo barazani kwao. Mazungumzo yote Dokta alisema "ndiyo" tu, kisha "naelewa," kisha akamwambia asilie.

Alipokata simu mama yake akauliza, "Wamesemaje?"

"Nafasi ni moja kwa kila nchi kwa mwaka. Amepewa mtu aliyeumizwa zaidi yangu."

"Nani huyo maskini?"

"Profesa Sangoda."

Bi Kidawa akafikiri. "Yule wa magodoro?"

"Huyohuyo, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nimeambiwa niombe tena mwakani. Lakini niwe na vitisho vipya. Hivi vitakuwa vimepitwa na wakati."

Bi Kidawa alikuwa ameshashona makoti mawili kutokana na blanketi la zamani, moja lake na moja la binti yake. Akayakunja, akayaweka juu ya kabati, akaenda jikoni. Hakutoka kwa muda, na sisi wawili hatukumfuata.

Profesa Sangoda aliondoka Jumamosi. Bendi ya polisi ilimpigia muziki. Waziri alimkumbatia mbele ya waandishi wa habari, akasema taifa linamlilia, na kwamba Serikali inalaani vikali vitisho alivyopewa, vyovyote vile na yeyote yule aliyevitoa. Afande Lukwaro alibeba mabegi.

*

Sasa msomaji asidhani kwamba Serikali ilimsahau Dokta Siwatu. Habari zake zilifika juu, na Waziri wa Utulivu akaguswa. Mwezi wa kumi alihutubia taifa, na hotuba yake tuliisikiliza tukiwa tumesimama, kama ilivyoagizwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nauliza. Mwanazuoni wetu amezaliwa hapa, amesoma hapa, ametishwa hapa na vijana wetu wenyewe, kwa jasho lao. Halafu mgeni anakuja kumhifadhi. Faida ya kumhifadhi inakwenda kwa nani? Kwa mgeni. Huu ni wizi wa maliasili. Kuanzia leo, kila msomi atakayetishwa nchini atahifadhiwa nchini. Tuna uwezo. Tuna kuta."

Wakachukua ghala la zamani la mahindi nje ya mji, wakaongeza ukuta matofali tisa kwenda juu, wakalipaka chokaa, wakaliita Kimbilio la Taifa la Wanazuoni Walio Hatarini. Lilihitaji mfadhiliwa wa kwanza. Walitazama daftari la Idara ya Vyeti wakakuta kwamba kati ya watu mia mbili na sita waliotishwa rasmi, mmoja tu alikuwa msomi.

Walikuja kumchukua Jumatatu, saa nne asubuhi, watu wanne na gari lile jeupe. Mimi nilikuwa nimeitwa kwa simu nifike nyumbani kwake kama mwakilishi wa mwajiri. Afande Lukwaro ndiye aliyekuwa na karatasi, na hakumtazama mtu machoni.

"Dokta Siwatu Kilango," akasoma, "hongera. Umechaguliwa."

"Sikuomba," Dokta akasema.

"Uliomba kimbilio salama, mama. Fomu yako tunayo. Sehemu ya mahali pa kuhifadhiwa uliandika: popote."

Ilikuwa kweli. Nilimwona akiiandika.

Bi Kidawa akasimama mlangoni, akashika miimo miwili kwa mikono yake. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na sita. "Mwanangu haendi," akasema. "Kama ni kumhifadhi, mimi nimemhifadhi tangu tumboni."

"Atarudi lini?" nikamuuliza Afande.

Akatazama karatasi yake mbele na nyuma. "Atarudi atakapokuwa hatarini tena," akasema polepole, kama mtu anayesoma lugha asiyoielewa. "Maana yake, akiwa humo hayumo hatarini. Na asiyekuwa hatarini, hana sababu ya kutolewa." Akaikunja. "Mimi sikuiandika, Mzee."

Dokta akaibandua mikono ya mama yake kwenye miimo, kidole kimoja kimoja, akambusu viganja. Akaingia ndani akachukua mswaki, kanga mbili na lile koti la blanketi. Kisha wakaniletea karatasi nisaini kwamba mfadhiliwa amekwenda kwa hiari yake, na mimi ni shahidi. Jina langu lilikuwa limekwisha chapwa chini ya mstari. Nikasaini.

Siku kumi na mbili baadaye barua ya Bi Hedwig ilipita masjala. Alikuwa amesoma tangazo la Wizara. Alieleza furaha yake isiyo na kifani kwamba Dokta Siwatu amepata kimbilio, tena karibu na familia, jambo ambalo shirika lao daima hulipendelea. Akasikitika kueleza kwamba kanuni haziruhusu mwanazuoni mmoja ahifadhiwe mara mbili, hivyo jalada lake limefungwa. Alimtakia utafiti mwema.

*

Nilikwenda kumtembelea mara moja tu. Kimbilio hupokea wageni Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Tulikaa kwenye meza ndefu, yeye upande ule, mimi upande huu, na msimamizi katikati akisoma gazeti. Amekonda. Nywele zake zimekatwa, kwa ajili ya usalama wake. Alikuwa hana kalamu wala karatasi, kwa kuwa kalamu zinaweza kumdhuru mtu.

"Mama hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Nilimpelekea unga juzi." Sikumwambia kwamba Bi Kidawa alipokea unga ule bila kunikaribisha ndani.

Tukakaa kimya. Safari hii sikuweza kuvumilia, nikaanza kujijibu kabla hajauliza. Nikamwambia ile karatasi ilikuwa na jina langu tayari. Nikamwambia nisingesaini mimi angesaini mwingine, na huyo mwingine asingekuja kumtembelea. Nikamwambia kuhusu nyumba ya Chuo, na kuhusu watoto, mpaka nikawataja kwa majina.

Alinisikiliza vizuri, kama anavyowasikiliza wanafunzi.

"Mzee Mahundi," akasema nilipomaliza, "sikukasirikii. Nilitaka tu kukuuliza kama umekuja kwa miguu, maana ni mbali."

Nikamwambia nimekuja kwa miguu.

"Basi anza safari mapema," akasema. "Jua ni kali."

Getini mlinzi alinisukumia daftari la wageni. Nikaandika jina langu, kazi yangu, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Safu ya mwisho ilitaka sababu ya kuja. Nikaishika kalamu pale, wino ukaanza kufanya doa. Mlinzi alikuwa kijana mwenye adabu, akaona nimekwama.

"Wengi huandika matembezi, mzee wangu," akasema.

Nikaandika matembezi.